Mdogo wangu, kabla hujamfungulia mteja akaunti

Dirisha la mikopo ya vyuo likifunguliwa, steshenari za Mwenge na Sinza, hapa Dar es Salaam, hazina pa kukanyaga. Kijana anakuja na mama yake, vyeti viko kwenye bahasha ya kaki, na paswedi anaitaja kwa sauti foleni nzima isikie. Mzuie hapohapo. Msogezee kibodi aandike mwenyewe, wewe tazama feni.

Ila kabla hajagusa herufi, soma anwani pale juu. Ianze na https. Bila ile "s" ya mwisho, anachoandika kinasafiri kama barua isiyo na bahasha: mwenye waifai mnayotumia anaweza kukisoma. Ikiwepo, maneno yanafungwa kwenye mashine yako na kufunguliwa kwenye seva ya wenye tovuti. Huko njiani mtu ataona mmekwenda tovuti gani, basi.

Mwezi wangu wa kwanza kazini, umeme ulikatika usiku. Asubuhi nawasha mashine ya kona, kila tovuti inagoma, inasema muunganisho si wa faragha. Watu wamejaa, nami nikawa nabonyeza "endelea" kila iliponiruhusu. Bosi alipofika hakuhangaika na ukurasa. Alitazama saa kwenye kona ya chini. Januari 2009! Kibetri cha CR2032 kwenye ubao mama, kile kinachoendesha saa mashine ikikosa umeme, kilikuwa kimekufa. Cheti cha tovuti, yaani kitambulisho chake cha kidijitali ambacho kivinjari hukikagua, kina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kwa mashine iliyodhani bado ni 2009, vyeti vyote vilikuwa havijaanza kutumika. Tukarekebisha tarehe, mambo yakafunguka.

Kilichonitisha baadaye ni kidole changu. Kilishazoea. Siku ile angekaa mtu katikati yetu na tovuti, ana cheti cha kughushi, onyo lingefanana na yale mengine, nami ningempitisha.

Kwa hiyo tazama saa kwanza. Saa ikiwa sawa na onyo bado lipo, unga mashine kwenye bando la simu. Ikifunguka, basi ile waifai ina walakini. Isipofunguka, mwambie mteja arudi baadaye, hata akinuna.

Na ile alama ya kufuli kando ya anwani ya https isikulevye. Shirika la Let's Encrypt linatoa vyeti bure tangu 2015, na tapeli naye anachukua chake. Chrome yenyewe ililiondoa kufuli kwenye anwani mwaka 2023, maana watu walilichukulia kama hakikisho la uaminifu. Soma jina linavyoishia kabla ya mkwaju (/) wa kwanza baada ya https://: tovuti za serikali yetu huishia .go.tz. Ukiona "go-tz" imebanwa katikati halafu mwisho ni .com, funga.

Akimaliza, kivinjari kikiuliza kama kihifadhi paswedi, kataa. Mtoe kwenye akaunti, futa fomu iliyobaki kwenye folda ya vilivyopakuliwa. Na kile kikaratasi alichoandikia paswedi mrudishie mkononi. Vingi nimevikuta asubuhi chini ya printa.