Leseni ya mthamini wa makazi Marekani inaruhusu kazi zipi?
Ndugu, umeuliza kama leseni ya makazi inatosha kuthamini jengo la makazi lenye nyumba nne huko Marekani. Inatosha, mradi thamani ya muamala iwe chini ya dola 1,000,000. Lakini pakiwa na utata, yaani jengo, umiliki au hali ya soko isiyo ya kawaida, thamani hiyo sharti iwe chini ya dola 400,000, na jimbo lako laweza kuongeza masharti. Mthamini wa makazi aliyethibitishwa, yaani wa ngazi iliyo juu ya leseni, hafungwi na viwango hivyo. Majengo ya biashara ni ya ngazi ya juu kabisa, inayodai saa 3,000 za uzoefu, nusu yake nje ya makazi. Hata hivyo, mikopo ya nyumba yenye bima ya FHA, shirika la serikali kuu ya Marekani linalodhamini mikopo hiyo, hupokea wathamini waliothibitishwa pekee, na kwa maoni yangu hiyo ni sababu tosha ya kutobweteka na leseni.