Kabla ya kuwasha sumaku, shughulika na vifuniko

Wengi wanaoingia kwenye majaribio ya metali kimiminika inayozungushwa ndani ya uga wa sumaku wana haraka ya kuwasha koili. Mimi, baada ya miaka kadhaa ya kazi hii, nakushauri uiache kwanza. Jaza maji, zungusha, upime.

Nadharia yenyewe haina makuu: silinda mbili, moja ndani ya nyingine, ya ndani ikienda mbio kuliko ya nje. Mwanafizikia Velikhov alionyesha mwaka 1959 kwamba mtiririko uliotulia kabisa unaweza kuvurugwa na uga dhaifu wa sumaku. Mwaka 1991 wanaastrofizikia Balbus na Hawley wakaona humo sababu ya gesi kuporomoka kuelekea mashimo meusi. Lakini silinda za kwenye karatasi hazina mwisho. Yako ina vifuniko viwili, na hapo ndipo balaa lilipo.

Kimiminika kilichogusa kifuniko hupunguza mwendo, kisha shinikizo hukisukuma ndani. Ndiyo maana ukikoroga chai majani hukusanyika katikati ya kikombe. Ndani ya chombo chako mkondo huo hubadilisha kasi kote, nawe utadhani ni sumaku. Watafiti wa Princeton, Marekani, walivikata vifuniko kuwa pete zinazozunguka kwa kasi tofauti. Mwaka 2006 wakatangaza kwamba maji yao yalitulia hata namba ya Reynolds (kipimo cha nguvu ya mwendo dhidi ya mnato) ilipofika milioni 2. Ushahidi wa mvurugiko unaoletwa na sumaku yenyewe waliutoa mwaka 2022. Subira hiyo naiheshimu kuliko matokeo mengi ya haraka.

Ukihamia kwenye metali, mchanganyiko wa galiamu, indiamu na bati unafaa: ni kimiminika kwenye joto la kawaida la chumba, wala hauwaki moto kama sodiamu. Ila ni mzito zaidi ya mara sita kuliko maji, kwa hiyo mota na sili zichaguliwe kwa uzito huo. Usiuache uguse aluminiamu, maana galiamu huipenya ikawa inavunjika ovyo. Halafu kuna utando wa kijivu wa oksidi. Ukitanda usoni pa kipima kasi cha altrasaundi, mwangwi hufifia na grafu inabaki kelele tupu. Funika metali kwa gesi ya agoni mapema.

Mota yako ni ndogo? Fuata njia ya watafiti wa Dresden, Ujerumani: pitisha umeme kwenye fimbo ya katikati pamoja na uga wa koili, uga uwe wa mzingo kama uzi wa skrubu, kasi ndogo itatosha. Hapo mvurugiko husafiri kama wimbi. Waliliona wimbi hilo mwaka 2006, na hata wao wakarudi kuvigawanya vifuniko.

Ukipata wimbi, badilisha kasi ya pete za vifuniko tu. Likibadilika sana, shuku vifuniko. Kisha geuza mwelekeo wa umeme wa fimbo peke yake: wimbi halisi litaanza kusafiri upande wa pili.