Televisheni ikikuita, usiliache jukwaa

Siku yangu ya kwanza mbele ya kamera nilitamka sentensi iliyokuwa imewachekesha watu jukwaani kila usiku kwa miezi, kisha nikanyamaza kusubiri kicheko. Hakikuja. Mwongozaji alisimamisha kazi akaniuliza kwa upole kama nimesahau maneno. Sikuwa nimesahau. Nilizoea kuwaachia watazamaji nafasi, na pale watazamaji hawakuwepo. Walikuwepo mafundi waliokatazwa hata kuguna, maana kinasa sauti hakichagui cha kunasa.

Nimeikumbuka siku hiyo kwa sababu ya binti mmoja aliyenifuata majuzi baada ya onyesho. "Mama, nimepata nafasi kwenye vichekesho vya televisheni. Jukwaa niliache?" Nikamwambia asiliache. Jibu lilikuwa fupi mno kwa swali lile, na kwa kuwa nimeishi na kazi hii zaidi ya miaka 30, jukwaani nikichekesha na kwenye televisheni nikichekesha, nadhani nina deni la kueleza.

Jukwaa linakupa sikio. Kicheko kina mwendo wake: kinapanda, kinafika kileleni, kinaanza kushuka. Ukisema maneno yanayofuata wakati bado kinapanda, umekiua, na tena umewafundisha watu kwamba wakicheka watapitwa na mazungumzo. Baada ya mara mbili tatu watajizuia. Ukisubiri mpaka ukumbi utulie kabisa, igizo limepoa na wenzako wamebaki wamesimama kama nguzo. Mahali pa kuingilia ni pale kinapoanza kushuka tu. Hakuna mwalimu awezaye kukuonyesha mahali hapo kwa chaki. Unapajua kwa kupakosa mbele ya watu, usiku baada ya usiku.

Kuna jambo jingine ambalo waigizaji wote wa vichekesho hulipitia, na wengi hukata tamaa hapo. Wiki ya kwanza mstari fulani unaangusha watu. Wiki ya tatu, mstari uleule, sauti ileile, kimya. Unaanza kuongeza chumvi: unatoa macho, unapandisha sauti, unatupa mikono. Kimya kinazidi. Kilichoharibika ni kwamba umeanza kukiomba kicheko. Wiki ya kwanza mhusika wako alikuwa anataka kitu kwa dhati, labda kusamehewa, labda mlango ufunguliwe kabla mumewe hajarudi. Sasa mhusika hataki chochote. Wewe ndiye unayetaka kuchekewa, na watu wanaliona hilo hata wakiwa viti vya nyuma kabisa. Dawa niliyoipata ni kurudi kwenye haja ya mhusika. Utake mlango ufunguliwe. Kicheko kitarudi chenyewe.

Mtazameni mwigizaji Patricia Routledge wa Uingereza kama Hyacinth, katika kipindi cha vichekesho cha televisheni kiitwacho Keeping Up Appearances. Jina la ukoo la mumewe ni Bucket, yaani ndoo, naye anashikilia litamkwe Bouquet, kama shada la maua. Yule mama hachekeshi kwa makusudi hata mara moja. Anataka heshima kwa moyo wake wote, na ndiyo maana tunavunjika mbavu. Kipindi kilipoanza mwaka 1990 Routledge alikuwa na miaka 61. Nyuma yake palikuwa na miongo ya jukwaa, pamoja na tuzo kubwa za jukwaa, ile ya Tony ya Marekani mwaka 1968 na ya Olivier ya Uingereza mwaka 1988, zote kwa michezo ya muziki. Televisheni ilimpokea akiwa na sikio lililokomaa. Mwaka 1995 aliamua mwenyewe kumuaga Hyacinth, wakati watu bado wanamtaka, akaendelea na kazi nyingine. Uamuzi huo naushangilia kuliko tuzo zote. Mhusika anayependwa sana anaweza kukumeza ukabaki na jina lake tu, na mwenye jukwaa la kurudia ana ujasiri wa kumuaga mhusika wa namna hiyo.

Televisheni nayo ina elimu yake, siidharau. Kamera iko karibu na uso wako kuliko mtu yeyote ukumbini, kwa hiyo nyusi zilizotosha jukwaani pale zinapiga kelele. Mapigo ya kichekesho yanamaliziwa na mhariri, si wewe. Kazi yako ni kumpa vitu vya kukata: msikilize mwenzako kwa uso ulio hai hata kamera ikiwa kwake. Lakini hata wakubwa wa televisheni hawakutaka kuwapoteza watazamaji. Lucille Ball alipoanza kipindi chake Marekani mwaka 1951, kilirekodiwa kwa kamera kadhaa kwa pamoja mbele ya watu walioketi studioni. Carol Burnett, mchekeshaji mwingine wa Marekani, katika kipindi chake cha 1967 hadi 1978, alikuwa na desturi ya kuanza kwa kuwashiwa taa watazamaji ili wamuulize maswali. Hawa wote walijua sikio linalishwa na nini.

Mengine nayasema haraka. Jifunze kuanguka kutoka kwa anayejua, kabla magoti hayajakufundisha. Usipige kelele ukiwa na mafua. Kwenye mkataba soma kipengele cha malipo ya marudio, maana kipindi kinaweza kuonyeshwa miaka na wewe usione kitu. Mimi niliwahi kusaini bila kusoma, na machungu yake nayajua.

Yule binti nilimwomba aje tena kesho yake, akae nyuma, afumbe macho, asikilize vicheko tu na kuandika kila mahali anapohisi kimekatwa. Alikuja na daftari. Baada ya onyesho akanionyesha, kwa haya kidogo, kwamba kicheko cha tatu nilikikata mapema. Ni mstari ninaoupenda kuliko yote, nimeusema mara zisizohesabika. Nilikaa na daftari lake mapajani nikiurudia kimoyomoyo, na alikuwa sahihi: nilikuwa nakimbilia maneno yanayofuata. Usiku uliofuata nilisubiri.