Usijinyime Chakula kwa Jina la Homoni

Ujumbe ulionifanya niandike makala hii umetoka kwa msomaji wa Mwanza, binti ambaye ameambiwa hospitalini kwamba ana PCOS, ile hali ya ovari kujaa vijifuko vidogo visivyofikia hatua ya kutoa yai. Mtu anayeuza majani ya kusafisha kizazi amempangia mlo: tango asubuhi, mayai mawili ya kuchemsha mchana, na kikombe cha majani hayo usiku. Amepungua mwili kwa kasi, anaona kizunguzungu akisimama, na hedhi ambayo zamani ilikuwa ikichelewa sasa imekatika kabisa. Alichoniuliza ni hiki: “Dada, niendelee hadi lini ndipo homoni zikae sawa?”

Nimekwisha kumjibu kwamba aache mlo huo leo na arudi kwa daktari. Hata hivyo najua kuwa hayuko peke yake, na naijua kiu inayomsukuma, kwa sababu wewe unayenisoma huenda unayo pia: kuona hedhi ikifuata mwezi wake, na siku moja kumshika mwanao.

Mimi niligundulika nikiwa na miaka 27, hapa Tanga, nikiwa bado bibi harusi machoni pa wakwe zangu. Hedhi ilikuwa ikija mara chache kwa mwaka, na ilipokuja ilikuwa nzito kiasi cha kunilaza kitandani. Nilikuwa na nywele za kidevuni ambazo nilizing’oa alfajiri kabla mume wangu hajaamka, na shingo yangu ilikuwa na weusi mzito wenye mikunjo, ambao wifi yangu aliuita uchafu mbele ya wageni waliokuja kututembelea siku ya Idi. Miaka imepita, mengi tumesameheana, lakini neno lile bado linaniuma, hasa kwa kuwa baadaye nilifahamu kwamba weusi wa aina ile mara nyingi ni alama ya mwili uliozidiwa na insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, na hakuna sabuni inayouondoa.

Daktari wa kwanza niliyemwona, katika zahanati ambayo sina haja ya kuitaja, alitazama picha ya ultrasound, akaniambia nipunguze mwili, akamwita mgonjwa mwingine. Hakunieleza nipunguze vipi wala kwa nini. Aliyenieleza ni mtaalamu wa lishe wa hospitali niliyopewa rufaa, mama wa makamo ambaye swali lake la kwanza halikuhusu uzazi hata kidogo. Aliniuliza kama kuna mwenye kisukari katika familia yetu. Nikamjibu kwamba mama yangu anacho, na bibi alikuwa nacho. Akachukua karatasi, akaanza kunichorea.

Nitayaeleza aliyonichorea kwa maneno yangu, kwa kuwa ndiyo yaliyobadilisha maisha yangu. Ukila wanga uliokobolewa na sukari, glukosi hupanda haraka katika damu na kongosho hulazimika kumwaga insulini nyingi. Mwili ambao umekuwa mgumu kuisikia insulini hudai nyingi zaidi, na hiyo ya ziada haiishii kwenye misuli na mafuta tu. Hufika kwenye ovari, ambako hushirikiana na homoni ya ubongo iitwayo LH kuzichochea zitengeneze homoni za kiume kuliko kawaida. Wakati huohuo hulifanya ini lipunguze kutengeneza protini inayozibeba homoni hizo, kwa hiyo sehemu kubwa zaidi ya testosteroni hubaki huru na kufanya kazi. Hapo ndipo nywele za kidevuni na chunusi zinapotokea, na vijifuko vya mayai hukua hadi nusu ya safari vikasimama. Yai lisipotoka hakuna projesteroni, homoni inayotokea baada ya yai kutoka, na bila projesteroni ukuta wa mji wa mimba huendelea kujengwa na homoni ya estrojeni bila kubomoka kwa wakati wake. Ndiyo maana hedhi huchelewa na kisha huja nzito, na ndiyo maana kukaa miezi mingi bila hedhi ni jambo la kutibiwa hata kwa mwanamke asiyetafuta mtoto, kwa kuwa ukuta uliojengeka hivyo kwa miaka huongeza hatari ya saratani ya mji wa mimba.

Basi chakula kinachosaidia ovari husaidia kwa kuituliza insulini. Hakisafishi kitu, kwa sababu hakuna uchafu.

Nilianza na asubuhi. Chai ya sukari nyingi na maandazi niliyokula tangu utotoni ilibadilika kuwa chai isiyo na sukari, kiazi kitamu cha kuchemsha na yai, au mbaazi zilizobaki usiku. Mchana nilikula ugali wa dona badala ya sembe, kiasi cha ngumi yangu, pamoja na maharage au kunde na mboga iliyojaa nusu ya sahani, iwe mchicha, matembele au kisamvu. Wali wa nazi sikuuacha, kwa kuwa mimi ni mtu wa pwani na chakula cha kwetu si adui yangu, ila niliupunguza na kuuongezea samaki na choroko. Wali uliopoa na kulala mahali pa baridi, kisha ukapashwa moto vizuri, una sehemu ya wanga isiyomeng’enywa upesi, kwa hiyo hata kiporo kilipata heshima nyumbani kwangu. Dagaa niliwala kwa wingi, kwa sababu metformini, dawa ya kisukari niliyoandikiwa, hupunguza vitamini B12 ikitumika kwa muda mrefu, na dagaa wanayo. Soda na juisi za pakiti niliziacha kabisa. Baada ya chakula cha usiku nilitembea na mume wangu hadi barabara kubwa na kurudi, kwa kuwa misuli inayofanya kazi huchota sukari kwenye damu bila kuhitaji insulini nyingi.

Miezi ya mwanzo haikuonyesha kitu. Kijifuko cha yai huchukua takribani miezi mitatu katika hatua za mwisho za kukua kwake, kwa hiyo mlo wa wiki mbili usiutarajie kuleta yai mwezi huu. Kisha hedhi ilianza kuja, ikakaribia mwezi wake, na niliona fahari ambayo sioni aibu kuitaja. Binti yetu alikuja baadaye, kwa msaada wa vidonge vya letrozoli vya kupevusha yai, chini ya uangalizi wa daktari. Natamka hivyo waziwazi kwa sababu wengi huniuliza nilikula nini nikapata mtoto. Chakula kilitengeneza njia, dawa ikamalizia, na wote waliopitia huku wanajua kwamba kuna wenye kula vizuri zaidi yangu ambao bado wanasubiri.

Sasa nirudi kwa mdogo wangu wa Mwanza, maana lake ni zito kuliko langu. Ubongo hupima kama mwili una chakula cha kutosha kabla ya kuruhusu uzazi. Nishati ikipungua sana, homoni ya leptini inayotoka kwenye mafuta ya mwili hushuka, ubongo hupunguza mapigo ya homoni zinazoziamsha ovari, na yai halitoki. Uholanzi ilipokumbwa na njaa katika majira ya baridi ya 1944 na 1945, wanawake wengi walikatika hedhi, na miezi tisa baadaye idadi ya watoto waliozaliwa ilishuka hadi takribani nusu. Kwa hiyo mwanamke mwenye PCOS anayeshinda na tango ameongeza tatizo la pili juu ya lile la kwanza. Kwa wenye uzito mkubwa, kupungua asilimia 5 hadi 10 ya uzito, taratibu, mara nyingi kunatosha kurudisha upevushaji wa yai. Wembamba nao wanaipata PCOS, na hao hawana sababu ya kukondeshwa.

Wala usiuziwe mlo wenye jina. Mwongozo wa kimataifa wa PCOS wa mwaka 2023 unasema hakuna mpangilio mmoja wa chakula ulioonekana kuwa bora kuliko mingine. Kinachotakiwa ni mlo kamili ambao mtu anaweza kuishi nao. Katika utafiti uliofuatilia wauguzi zaidi ya 17,000 wa Marekani kwa miaka minane, waliopata protini zaidi kwenye mimea, wakala wanga usiopandisha sukari haraka na kuepuka mafuta yaliyogandishwa viwandani, walikuwa na ugumba mchache zaidi unaotokana na yai kutopevuka. Ukitazama vizuri, hayo ni maharage, kunde, karanga na dona. Viko sokoni kwako. Hakuna mlo unaoongeza idadi ya mayai uliyozaliwa nayo, na anayekuahidi hivyo anataka pesa yako.

Enyi mawifi na mama wakwe, mwacheni mwanamke ale. Msimhesabie vijiko vya wali, wala msimletee majani msiyoyajua. Na wewe mume, kula anachokula, kwa sababu sufuria mbili katika nyumba moja humchosha mpishi kabla hedhi haijarudi.

Hedhi ikikosekana miezi mitatu na huna mimba, au ikija chini ya mara nane kwa mwaka, nenda hospitali. Omba wapime sukari, homoni ya tezi ya shingo na prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa ya mama, kwa kuwa matatizo ya tezi na ya prolaktini nayo hukata hedhi, na tiba yake ni nyingine kabisa. Ukiwa unatafuta mtoto, uliza pia kuhusu vidonge vya asidi ya foliki kabla mimba haijaingia, na majani uliyokuwa ukiyanywa uende nayo umwonyeshe daktari.