Mgombea binafsi wa urais Marekani: jina linafikaje kwenye karatasi ya kura?

Maswali haya yametoka kwa wasomaji wanaofuatilia uchaguzi wa Marekani na kushangaa kwa nini watu maarufu, wenye fedha, hukosekana kwenye karatasi ya kura. Mara nyingi tatizo huwa makaratasi.

Mgombea hujiandikisha wapi? Si Washington?

Hapana. Tume ya Uchaguzi ya Shirikisho husimamia fedha za kampeni tu. Nafasi kwenye karatasi ya kura hutolewa na majimbo 50 pamoja na Wilaya ya Columbia, kila moja kwa sheria yake. Mgombea hutakiwa kukusanya sahihi za wapiga kura wa jimbo husika. Tennessee huridhika na sahihi 275, yaani 25 kwa kila mmoja wa wajumbe wake 11 wa kumchagua rais. California mwaka 2024 ilidai 219,403, asilimia 1 ya walioandikishwa. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuandaa kalenda ya sheria 51: tarehe ya kuanza, tarehe ya mwisho, idadi, na aina ya fomu. Fomu ya jimbo moja haina thamani jimbo la pili.

Jimbo likitaka sahihi 45,000, tukipeleka 46,000 si tumemaliza?

Mkipeleka 46,000 mmeshashindwa. Zinazohesabiwa ni sahihi halali, na za barabarani hupungua sana zikikaguliwa. Mwingine hajaandikishwa kabisa. Mwingine amehama na anwani aliyoandika hailingani na daftari la wapiga kura. Wapo wanaosaini mara mbili kwa kusahau, na wapo ambao mwandiko wao hausomeki. Tuseme kati ya kila 100 zinasalimika 70: gawanya 45,000 kwa 0.7, utapata karibu 64,300. Hiyo ndiyo shabaha, na sisi tungeongeza juu yake, maana wapinzani huajiri mawakili wa kuzipitia karatasi mstari kwa mstari.

Tumetumia 45,000 kwa sababu ndiyo hesabu ya New York. Mwaka 2024 muda wa kuzikusanya ulikuwa wiki sita tu, Aprili 16 hadi Mei 28. Isitoshe, zilipaswa kutoka sehemu mbalimbali za jimbo: angalau 500 katika kila moja ya nusu ya wilaya za Bunge la Kongresi, yaani wilaya 13 kati ya 26. Timu inayojazana kwenye vituo vya treni vya jijini inaweza kupata rundo kubwa na bado ikakwama hapo.

Texas ina mtego wa aina yake. Mwaka 2024 ilidai sahihi 113,151 kufikia Mei 13, na aliyepiga kura ya mchujo wa chama mwezi Machi hakuruhusiwa kusaini. Swali la kwanza la mkusanyaji huko liwe: "Ulipiga kura ya mchujo mwaka huu?" Akisema ndiyo, mshukuru, usimpe kalamu.

Dawa ni kukagua kila jioni, si wiki ya mwisho. Linganisheni karatasi za siku hiyo na daftari, mfute zilizo mbovu, mjue kila mkusanyaji anapoteza asilimia ngapi. Angalieni pia tamko la mkusanyaji chini ya karatasi: tarehe au sahihi yake ikikosekana, karatasi nzima inaweza kutupwa pamoja na majina mazuri yaliyomo. Na kama sheria inaruhusu kuchagua, walipeni kwa saa. Malipo ya kila sahihi humshawishi mtu kuandika majina ya uongo.

Mgombea mwenza anaweza kutajwa baadaye?

Kuna majimbo yanayokubali jina la muda, na kuna yasiyokubali. Mwaka 2024 kampeni ya mgombea binafsi Robert F. Kennedy Jr. ilikusanya sahihi Nevada bila jina la mwenza kwenye fomu. Ofisi ya jimbo ikasema fomu hizo hazifai, ingawa mtumishi wake mmoja alikuwa ameieleza kampeni vinginevyo. Kazi ikaanza upya. Jibu la afisa kwenye simu si sheria. Someni kifungu chenyewe.

Anwani ya mgombea ina uzito gani?

Mkubwa. Mwaka huohuo, jaji wa New York alibatilisha maombi ya Kennedy baada ya kuamua kuwa anwani aliyoandika haikuwa makazi yake halisi. Maelfu ya waliosaini kwa nia njema walipotea kwa mstari mmoja. Tunaona ni adhabu kali mno kwa wapiga kura, lakini ndivyo ilivyo.

Tukichelewa kidogo?

Mwaka 2020 karatasi za mwanamuziki Kanye West, aliyegombea urais, ziliwasilishwa Wisconsin zikiwa zimepita saa 11 jioni kwa muda mfupi sana. Tume ya jimbo ilimkatalia, na jaji akakubaliana nayo. Pelekeni siku kadhaa kabla. Tarehe yenyewe ikiwa ya kukandamiza, mahakama inaweza kuiondoa, kama Mahakama Kuu ya Marekani ilivyofanya mwaka 1983 kwa tarehe ya Machi ya Ohio katika kesi ya mgombea binafsi John Anderson. Lakini Anderson aligombea mwaka 1980; uamuzi huo wa mwisho ulikuja miaka mitatu baadaye.

Hakuna njia nyepesi zaidi?

Zipo mahali pengine. Oklahoma hupokea dola 35,000 badala ya sahihi. North Carolina mwaka 2024 ilimtaka mgombea binafsi alete 83,188, ilhali chama kipya kilihitaji 13,865 tu. Ndiyo maana kampeni ya Kennedy ilisajili chama huko. Kuandikwa jina kwa mkono na mpiga kura nako kupo, ila majimbo mengi huhesabu kura hizo tu kama mgombea alijaza fomu mapema, na machache hayaruhusu kabisa.

Akijitoa, jina linaondolewa?

Si lazima. Kennedy alisitisha kampeni yake Agosti 23, 2024. North Carolina iliamriwa na mahakama imwondoe, ikalazimika kuchapa karatasi upya. Wisconsin ilimwacha, kwa kuwa sheria yake humtoa aliyekwisha kuteuliwa kwa sababu moja tu: kifo.