Chaja ya gari la umeme nyumbani: anza na waya, kifaa kitafuata

Ndugu, umeuliza kama ununue chaja ya ukutani ya kilowati 22 kwa ajili ya gari lako jipya la umeme, na kama kwa sasa unaweza kuendelea kulichaji kwa waya wa ekstensheni uliopitishwa dirishani. Nimechaji gari nyumbani kwa muda mrefu, kwanza kwa soketi ya kawaida na baadaye kwa chaja ya ukutani, na jibu langu kwa swali la pili ni fupi: acha kuutumia huo waya kuanzia leo. Swali la kwanza linahitaji maelezo.

Kisanduku kinachofungwa ukutani hakichaji betri. Chaja halisi imo ndani ya gari, na ndiyo inayogeuza mkondo geu (AC) wa nyumbani kuwa mkondo mnyoofu (DC) unaopokelewa na betri. Kazi ya kisanduku ni kuliarifu gari, kupitia waya mwembamba wa mawasiliano ulio ndani ya kebo, kwamba linaruhusiwa kuvuta ampea ngapi, na kuachia umeme pale tu gari linapokuwa limeunganishwa sawasawa pamoja na waya wake wa ardhi. Kwa hiyo ukifunga kisanduku cha kilowati 22 ilhali chaja ya ndani ya gari ina uwezo wa kilowati 11, utapata 11. Na kama nyumba yako ina umeme wa njia moja (fezi moja) wa volti 230, kikomo cha ampea 32 ni kilowati 7.4, hata kifaa kiwe cha bei gani. Yapo pia magari yenye chaja ya kilowati 11 ambayo kwenye njia moja huvuta ampea 16 tu, sawa na kilowati 3.7. Angalia kitabu cha gari kabla ya kufungua pochi.

Baada ya hapo, pima mahitaji yako. Gari la ukubwa wa kati hutumia takriban yuniti (kilowati-saa) 15 hadi 20 kwa kilomita 100, hivyo anayeendesha kilomita 50 kwa siku anahitaji kurudisha yuniti 10 au pungufu kila usiku. Soketi ya ampea 10 hutoa kilowati 2.3, na kazi hiyo huimaliza kwa saa nne au tano hivi. Wengi wetu tunalala zaidi ya hapo, na ndiyo maana nasema kilowati 7.4 zinatosha nyumba nyingi na bado zinabaki. Faida nyingine ya kuchaji kwa kasi ya wastani ni kwamba kompyuta na pampu za gari hukaa macho muda wote wa kuchaji na kula wati mia kadhaa. Ukichaji polepole sana, sehemu kubwa zaidi ya umeme unaoulipia huishia huko.

Lakini sababu yangu kubwa ya kuachana na soketi ilikuwa joto. Birika la umeme huvuta ampea nyingi kwa dakika chache kisha hupumzika, ilhali gari huvuta kwa saa nyingi mfululizo, usiku, watu wakiwa wamelala. Kwenye kiungo chochote kilicholegea, joto huongezeka kwa kipeo cha pili cha mkondo: ampea zikiwa mara mbili, joto huwa mara nne. Kwa ndugu yangu mmoja niliiona soketi ambayo plastiki yake ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia kuzunguka tundu moja tu, mengine yakiwa meupe kabisa. Tulipoifungua, skrubu ya waya wa moto ilizungushika kwa vidole, na ngozi ya waya ilikuwa imekauka na kukatikakatika kama ganda la yai. Ekstensheni iliyobaki imeviringwa kwenye gurudumu lake ni hatari zaidi, kwa sababu joto halina pa kutokea.

Hivyo mwombe fundi umeme mwenye leseni akuvutie laini inayojitegemea kutoka kwenye bodi kuu, isiyochangia kitu kingine chochote. Kwa ampea 32, waya wa shaba wa milimita za mraba 6 hutumika mara nyingi; umbali ukiwa mrefu, au waya ukipita mahali pa joto, mwambie apige hesabu ya milimita 10. Kwa mita 30 za waya wa 6 unapoteza volti 7 hivi njiani, na volti hizo zote hugeuka joto. Kifaa cha kukata umeme unaovuja nacho kisiwe cha aina yoyote tu, kwa kuwa hitilafu ya gari inaweza kuvujisha mkondo mnyoofu, ambao hukipumbaza kifaa cha kawaida kikashindwa kukata. Chaja nyingi nzuri zina kinga ya ndani inayokata mkondo huo ukifika miliampea 6; kama yako haina, inahitaji kifaa cha aina B, yaani kinachohisi pia mkondo mnyoofu. Fundi wangu alikaza kila skrubu kwa bisibisi yenye kipimo cha nguvu, na ningemlipa tena kwa hilo peke yake.

Kama jiko, hita ya maji na gari vikiwaka pamoja vinaangusha swichi kuu, chagua chaja yenye kihisi kinachobanwa kwenye waya mkuu. Kihisi hicho hupunguza ampea za gari pale nyumba inapohitaji umeme, kisha huzirudisha.

Katika matumizi ya kila siku, panga saa za kuchaji sehemu moja tu, ama kwenye gari ama kwenye chaja. Ukipanga kote kuwili, mara nyingi kimoja humsubiri mwenzake na asubuhi unakuta betri ilivyokuwa. Kuhusu kiwango, betri nyingi zenye nikeli hudumu zaidi zikiishia asilimia 80 kwa matumizi ya kawaida, ilhali zile za chuma na fosfeti (LFP) watengenezaji wengi hushauri zijazwe hadi 100 mara kwa mara, ili gari lisome sawasawa kiasi cha umeme kilichobaki.