Nibebe Nini Ujiji, Niache Nini Gombe?

SWALI: Shikamoo mzee. Jumamosi nina kazi ya harusi Ujiji, Jumapili alfajiri napanda boti Kibirizi kwenda Gombe na wageni wawili wanaotaka picha za sokwe. Nina kamera mbili, lenzi nne (24-70, 70-200 ya f/2.8, 50, na ile 18-55 niliyouziwa pamoja na kamera), flashi mbili na stendi. Kaka yangu anasema nibebe vyote nisije nikajuta. Begi limefika kilo 13. Nifanyeje?
Kijana wa Mwanga, Kigoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Kaka yako hajapanda vilima vya Gombe na kilo 13 mgongoni. Mimi nimepanda.

Safari yangu ya kwanza nilibeba kila kitu, hadi stendi ya chuma. Mwongozaji mbele, mimi nyuma natweta. Tukawakuta jike na mtoto wake wametulia mahali jua limepenya majani, nami kwenye kamera nina lenzi fupi isiyovuta mbali. Nikashusha begi, nikafungua zipu, nikaanza kupekua lenzi ndefu chini ya flashi ambazo kule hata hairuhusiwi kuziwasha. Kuinua kichwa, hawapo. Nikarudi Kigoma na picha safi kabisa za majani.

Kwa hiyo kabla ya kugusa begi, chukua karatasi uandike picha unazozitaka. Kifaa kisicho na picha kwenye karatasi hiyo kibaki nyumbani.

Gombe: kamera moja yenye lenzi yako ndefu, 70-200, ikae shingoni, si begini. Hiyo lenzi peke yake ina kama kilo moja na nusu, inatosha kukuchosha. Msituni ni giza na sokwe ni weusi, kwa hiyo fungua tundu la lenzi hadi f/2.8, panda ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) hadi 3200 bila kuogopa chengachenga, wala kasi ya kupiga usiishushe chini ya 1/250 ya sekunde maana hawatulii. Ile 50 itie mfukoni kwa picha za wageni ufukweni. Stendi iache, kwenye mteremko ule utaisimika wapi? Betri tatu na kadi mbili, hapo usibanie. Barabara ya kwenda kule hakuna, ni ziwa tu, na mawimbi yakichachamaa utaloa hadi kiunoni. Mimi kamera huifunga kwa kitenge, nikaiweka kwenye ndoo ya rangi yenye mfuniko. Wageni hucheka. Begi la mmoja wao lililoa, kicheko kikaisha.

Harusi ni habari nyingine. Sokwe akikukwepa leo utarudi, lakini ndoa haifungwi mara ya pili kwa sababu kamera yako imezima. Hapo beba kamera zote mbili, moja na 24-70, nyingine na 50, na flashi zote mbili. 70-200 ya nini? Ukumbi wenyewe ukirudi nyuma hatua nne umegonga ukuta. Tena uliza mapema: familia nyingi za Ujiji hazitakuruhusu kuingia kwa akina mama, hivyo tafuta dada anayejua kamera, umpe ile yenye 50 na flashi moja. Mlipe vizuri, picha za bibi harusi ndizo zitakazoangaliwa kwanza.

Nayo 18-55 mpe kaka yako.